Softiwea ya muziki ya bei nafuu: angalia kwanza imekatwa wapi

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaoanza kutengeneza muziki nyumbani ni "softiwea gani nzuri afu haina gharama", na jibu wanalolitaka ni jina moja tu, waende wakapakue usiku huohuo. Majina nitayataja mengi huko chini, ila jina peke yake halitakufikisha mbali, maana hizi softiwea za bure na za bei nafuu zote zimekatwa mahali fulani. Nyingine wamekata idadi ya traki (ile mistari ya wimbo, kila sauti au chombo na wake), nyingine hairekodi sauti ya nje kabisa, nyingine inakubali usevu kazi lakini kuifungua tena kesho ndo haiwezekani mpaka ulipe, nyingine haina vyombo vya muziki ndani yake. Kwa hiyo mi siku zote naanza na swali hili: hii imekatwa wapi, na pale ilipokatwa mimi napahitaji?

Na ili ulijibu hilo lazima ujue unafanya nini hasa. Mtu anayetengeneza biti kwa kibodi na maus, ngoma, besi, sampo (vipande vya sauti zilizokwisha kurekodiwa), na mtu anayerekodi gitaa na sauti za watu wanne wanaoimba kwaya, hawa wawili wanaitwa wote maprodyuza ila mahitaji yao yako mbali sana. Wa kwanza anataka kupanga nyimbo kwa vipande haraka, apate sauti nyingi za ndani, asisumbuliwe. Wa pili anataka traki nyingi za sauti, kurudia mstari mmoja mara kumi na kuchagua kipande bora katika kila kimoja, kukata pumzi, kusogeza neno lililochelewa. Softiwea inayompendeza wa kwanza inaweza kumtesa wa pili, na kinyume chake pia.

Nianze na FL Studio kwa sababu ndo inayotajwa kuliko zote kwa watu wa biti. Inatengenezwa na Image-Line ya Ubelgiji, ilianza 1997 kwa jina la FruityLoops, na sifa yake kubwa kwangu siyo sauti wala muonekano, ni kwamba ukinunua mara moja apdeti zinazofuata unapewa bure maisha yako yote. Hiyo ni pesa nyingi sana unayookoa ukihesabu miaka. Demo yake haina mwisho wa siku, unatengeneza, unaekspoti, yaani unautoa wimbo kama faili la WAV au MP3, ila projekti uliyoisevu huwezi kuifungua tena mpaka uwe na leseni. Kwa hiyo demo inafaa kujifunza na inafaa kwa wazo la kumaliza kwa kikao kimoja, lakini kwa kazi ya mteja anayerudi kesho kusema "punguza ngoma kidogo" haifai kabisa. Pia kuwa makini na matoleo yake, kwa miaka mingi lile toleo la chini linaloitwa Fruity lilikuwa halirekodi sauti ya maiki, ulitakiwa uwe na Producer Edition. Watu walikuwa wanaona bei ndogo wanalipa, wanachomeka maiki, kimya. Kabla hujalipa fungua jedwali lao la kulinganisha matoleo usome mstari kwa mstari, sehemu ya kurekodi sauti na ya kuweka vipande vya sauti kwenye mpangilio wa wimbo.

Sasa kama kazi yako kubwa ni kurekodi, mi nitakwambia Reaper na nitasema bila kusita. Hii ni ya kampuni ndogo ya Cockos, mwanzilishi wake Justin Frankel ndo yuleyule aliyetengeneza Winamp, ile programu ya kuchezea nyimbo, wale wa zamani mnaikumbuka. Unapewa siku 60 za kujaribu na ndani ya hizo siku hakuna kilichofungwa, kila kitu kipo, traki kadiri kompyuta yako inavyoweza kubeba, plagini za nje (programu ndogo za vyombo au efekti unazoziongeza ndani) zinakubali, ekspoti ya aina zote. Baada ya hapo leseni ya kawaida ni dola 60, na hiyohiyo unaruhusiwa kuitumia hata kibiashara mradi mapato yako hayajazidi dola 20,000 kwa mwaka, ukizidi hapo ndo unalipa dola 225. Hakuna toleo dogo na toleo kubwa, aliyelipa 60 na aliyelipa 225 wana programu ileile. Na leseni moja inakufunika matoleo makuu mawili, yaani ukinunua wakati wa toleo la 7 unakwenda nayo mpaka toleo la 8 liishe.

Kitu kingine cha Reaper ambacho watu wenye mashine dhaifu watakipenda, faili lake la kuinstoli ni dogo mno, chini ya MB 50, kuna plagini moja moja huko nje ambazo ni kubwa kuliko programu nzima. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, unaweza hata kuiweka kwenye flashi ukatembea nayo. Efekti zake za ndani hazina sura, ni namba na vitelezi tu, ila ReaEQ (ya kupunguza na kuongeza besi au sauti kali) na ReaComp (ya kubana sauti inapopanda sana) zinafanya kazi safi kabisa, na kwenye Windows unaweza kupakua sehemu ya efekti hizo bure ukazitumie kwenye softiwea nyingine.

Imekatwa wapi? Kwenye vyombo. Ukiifungua mara ya kwanza utaona ukurasa wa kijivu, hakuna piano nzuri, hakuna ngoma, hakuna lupu, vile vipande vya kujirudiarudia. Sauti zote utazitafuta mwenyewe. Na ina menyu nyingi, mtu asiyekuwa na subira wiki ya kwanza anaweza kuiacha. Mi naona ni gharama ya haki kabisa, unalipa kwa muda wa kujifunza badala ya pesa, na ule muda haupotei.

Mwenye Mac au iPhone aanze na GarageBand, asihangaike. Apple waliitoa 2004, unaipata bila malipo, ina ngoma na piano na mipangilio ya gitaa ambayo watu wengine wanainunua, na siku ukitaka kupanda kwenda Logic Pro, softiwea kubwa ya Apple ya kulipia, projekti zako za GarageBand zinafunguka kulekule. Ilipokatwa ni kwenye miksa, sehemu ya kusawazisha sauti zote, hakuna ule ukurasa kamili wa kupeleka traki kumi kwenye riverbu moja (ile efekti ya sauti kuvuma kama ukumbini) na kupanga makundi, ukianza kumiksi kazi nzito utahisi umebanwa. Ila kwa wimbo wa kwanza mpaka wa ishirini hivi, hapana, bado inatosha.

Za bure nyingine nitapita haraka. Waveform Free ya Tracktion haina kikomo cha traki na inapokea plagini za nje, ni moja kati ya za bure zilizokatwa kidogo sana, sura yake tu ndo tofauti na zilizozoeleka. Pro Tools Intro ni bure lakini traki za sauti ni 8, ambazo kwa mtu wa gitaa moja na sauti mbili zinatosha, kwa kwaya haziendi popote. Ableton Live Lite nayo ni hivohivo, traki chache, ila watu wengi hawajui kwamba tayari wanayo, ukinunua saundi kadi (kifaa cha kuingiza maiki na gitaa kwenye kompyuta) au kibodi ya MIDI (kinanda kinachoipa kompyuta noti unazopiga, siyo sauti) mara nyingi ndani ya boksi au kwenye akaunti ya kusajili kifaa kuna leseni ya Lite na plagini kadhaa. Kabla hujatoa hata senti kwenye softiwea nenda kasajili vifaa ulivyonavyo.

LMMS ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, bure kabisa, mwonekano wake unafanana fanana na FL, lakini toleo lake thabiti halirekodi sauti, ni la kutengeneza biti tu. Audacity yenyewe ni kinyume, iko tangu mwaka 2000, inarekodi na kukata sauti vizuri na ni nyepesi, toka toleo la 3.2 la mwaka 2022 hata efekti unazisikia wakati wimbo unacheza bila kuzibandika moja kwa moja, ila kupiga kinanda cha MIDI ukajenga wimbo humo, hapana, siyo kazi yake. Nimeona watu wanaunganisha hizi mbili, biti LMMS, sauti Audacity, na inawezekana, ila kila ukitaka kubadili biti unarudi kuekspoti upya na kulinganisha upya, inachosha. Ardour ndo ya chanzo huria iliyokamilika zaidi kwa kurekodi, msimbo wake uko wazi na toleo lililokwisha kuandaliwa tayari kuinstoli unachangia kiasi unachoweza, na ukiwa kwenye Linux mara nyingi unaipata kwenye hazina ya programu za mfumo wako.

Kwa wenye simu tu, anza na simu, kwani nani kakukataza. BandLab inatumika kwenye simu na kwenye brauza bila malipo, kazi inakaa mtandaoni, unaweza kumwalika mwenzako aongeze sauti akiwa mbali. FL Studio Mobile ni ya kulipia lakini kazi uliyoianza kwenye simu inaweza kufunguliwa ndani ya FL ya kompyuta. Tatizo la simu liko kwenye kujisikiliza, sauti inachelewa kufika sikioni, hasa ukitumia hedifoni za bluetooth, hizo usirekodi nazo kabisa, tumia za waya.

Na hapo ndo nifike kwenye jambo ambalo linawafanya watu waseme softiwea fulani ni mbovu wakati siyo kosa la softiwea. Unaimba, sauti inarudi masikioni imechelewa, unachanganyikiwa, unafuta programu unatafuta nyingine, na huko pia ni yaleyale. Kinachoamua hapo ni bafa na draiva, ile programu ndogo inayoifanya kompyuta iongee na saundi kadi. Bafa ni kile kifungu cha sampo (hapa ni vipimo vidogo vidogo vya sauti, siyo vile vipande vya biti) ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukitoa. Ukirekodi kwa sampo 44,100 kwa sekunde na bafa ya sampo 128, kila kifungu ni kama milisekunde 3. Ukiweka bafa 1024 inakuwa milisekunde 23, na hiyo ni upande mmoja tu, kuingia na kutoka inaongezeka, na wapigaji wengi wakishapita milisekunde 10 mpaka 15 wanaanza kuhisi kinanda kinawakimbia. Kwa hiyo wakati wa kurekodi shusha bafa, wakati wa kumiksi ipandishe ili prosesa ipumue. Kwenye Windows hakikisha unatumia draiva ya ASIO (aina ya draiva inayopunguza kuchelewa kwa sauti) iliyotengenezwa na kampuni ya saundi kadi yako, kama huna saundi kadi kuna ASIO4ALL ya bure inasaidia, siyo kila mashine lakini jaribu. Na saundi kadi nyingi zina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, ukikibonyeza hicho tatizo la kuchelewa kwa mwimbaji linaisha hapohapo, hata kwenye laptopu ya zamani.

Kuhusu mashine yenyewe, RAM ya GB 8 inakutosha kuanza, GB 4 utafanya lakini kwa kubana. Mashine ikilemewa gandisha traki, yaani softiwea inaigeuza ile piano yenye plagini tano iwe faili la sauti la kawaida kwa muda, na prosesa inapata nafuu kubwa. Sasa hii kugandisha ni kati ya vitu vinavyokatwa kwenye baadhi ya matoleo ya bure, kwa hiyo mwenye kompyuta dhaifu aliangalie hilo kabla ya kuangalia idadi ya sauti. Isipokuwepo, ekspoti traki kwa mkono, irudishe kama sauti, zima ile ya kwanza, matokeo ni yaleyale. Na nafasi ya diski pia, dakika moja ya sauti ya mono kwa biti 24 (hizi ni biti za kompyuta, siyo za ngoma) na sampo 44,100 kwa sekunde ni kama MB 8, wimbo wa dakika 4 wenye traki 20 za namna hiyo unazidi MB 600, na hapo hujahesabu marudio yote uliyoyaacha.

Mtu atasema mbona Reaper na Waveform hazina vyombo vya kutosha, nitapata wapi. Hili siku hizi siyo tatizo tena na mi nafurahi sana kuliandika hili, kwa sababu hali ilivyo sasa kwa mtu asiye na pesa ni nzuri kuliko wakati wowote. Mfumo wa VST ambao Steinberg waliutoa 1996 ndo unaofanya plagini moja ifanye kazi kwenye softiwea nyingi tofauti, na watu wenye moyo wametengeneza plagini za bure ambazo ziko sawa kabisa na za kulipia. Vital na Surge XT ni sintesaiza kubwa, vyombo vinavyounda sauti vyenyewe, ukiijua moja vizuri hutahitaji nyingine kwa muda mrefu sana. Dexed inakupa sauti za kinanda cha Yamaha DX7 cha miaka ya 80, zile piano za umeme na besi za kugonga ambazo zimejaa kwenye miziki ya zamani mpaka leo. LABS ya Spitfire Audio ina piano laini na nyuzi za kweli. TDR Nova ni ekolaiza inayojibana yenyewe pale sauti inapochoma, ukirekodi mwimbaji mwenye herufi S kali hiyo itakuokoa. Valhalla Supermassive kwa mwangwi na riverbu kubwa. Youlean Loudness Meter kwa kupima ukubwa wa wimbo kabla hujaupeleka sokoni, Spotify kwa mfano inashusha au kupandisha nyimbo kuelekea LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo kuusukuma wimbo mpaka unapasuka hakukupi faida yoyote kule.

Chagua chache hapo ukae nazo. Mwenye plagini mia tatu anatumia jioni nzima kusikiliza sauti za kiki, ile ngoma nzito ya chini.

Na kraki, yaani softiwea ya kulipia iliyovunjwa ulinzi ili itumike bure, naomba nilisemee kwa uzito. Najua zimejaa, najua kuna prodyuza maarufu mtaani kwenu anatumia. Lakini faili la kraki ni programu umeipa ruhusa zote za kompyuta yako bila kujua nani kaiandika, na ni njia mojawapo wanayotumia wezi wa nywila na wale wanaofunga mafaili yako wakidai pesa. Kompyuta hiyo ndo yenye sauti za wateja wako na akaunti zako za kupakia nyimbo. Kingine, kraki haipati apdeti, na projekti iliyosevuliwa humo inaweza kukataa kufunguka siku umebadilisha mfumo wa kompyuta, halafu hakuna wa kumuuliza. Zamani mtu angeweza kujitetea kwamba hana njia nyingine, sasa Waveform Free ipo, Reaper unajaribu siku 60 bila kufungiwa chochote, utetezi umeisha. Na sisi wenyewe tunalia nyimbo zetu zinaibiwa.

Softiwea halali nayo, ya bure na hata ya kulipia, ina hatari yake ambayo siyo ya virusi. Wale waliokuwa na SONAR ya Cakewalk, softiwea ya kurekodi ya kulipia, wanajua, Gibson waliokuwa wanaimiliki walitangaza kuiacha mwishoni mwa 2017, watu wana projekti za miaka na programu haina mwenyewe. Bahati nzuri BandLab waliichukua 2018 wakaitoa bure, ikapendwa sana na watu wa Windows, baadaye mipango ikabadilika tena wakarudi kwenye jina la Sonar. Sisemi usitumie, ni programu nzito na nzuri. Nasema wimbo ukishaisha usiuache umelala kwenye faili la projekti peke yake. Ekspoti kila traki kama WAV ya biti 24, zote zianzie sekunde sifuri hata kama sauti inaingia dakika ya pili, ndani ya folda andika tempo (kasi) na ki (ufunguo) ya wimbo, na zile sehemu za kinanda ekspoti faili la MIDI pia, kiwango cha MIDI kipo toka 1983 na karibu kila softiwea ya kutengeneza muziki inakisoma. Folda ya hivyo utaifungua kwenye chochote, popote, hata miaka kumi baadaye.

Sasa kuchagua kwenyewe. Mi sishauri kuangalia video za kulinganisha mpaka usiku wa manane, zinaongeza hofu tu. Chukua softiwea mbili kati ya hizi, ambazo hazijakatwa pale unapopahitaji, afu chukua wimbo mmoja, wimbo wako wa kweli, ujenge kwenye zote mbili toka mwanzo mpaka ekspoti. Siyo kubonyeza bonyeza menyu, wimbo mzima. Angalia uliposimama kutafuta kitu. Angalia kama kurudia mstari wa sauti kumekukatisha tamaa au kumeenda. Angalia kompyuta ilianza kukwama kwenye traki ya ngapi, zima intaneti uone kama inafunguka bila kulogini, funga programu, fungua projekti kesho yake uone kila kitu kimerudi mahali pake. Mpaka hapo moja itakuwa imeshajitoa yenyewe mara nyingi.

Zikibaki sawa, chukua ile anayotumia mtu wako wa karibu, rafiki au prodyuza mnayeshirikiana, mtabadilishana projekti bila kuekspoti kila kitu na ukikwama saa nne usiku una wa kumpigia. Pesa uliyookoa weka kwenye hedifoni nzuri za waya na mapazia mazito ya hicho chumba unachorekodia, na kama bado unasita kati ya mbili niandikie hapo chini unafanya muziki wa aina gani na kompyuta yako ina RAM ngapi, nitakujibu.